Udongo Ulioingia Sumu: Nani Ausafishe, na kwa Kiasi Gani?

Mtu anayepanda kutoka bonde la Rukwa kwenda uwanda wa juu wa Ufipa wakati mvua zinapokaribia kwisha huwakuta wakulima wakifanya kazi isiyoonekana katika mikoa mingi ya Tanzania. Nyasi za shamba hazichomwi wala hazitupwi pembeni. Mkulima hukata tabaka la juu la ardhi pamoja na nyasi zake, huligeuza, kisha hulirundika kuwa vilima vidogo vya mviringo viitwavyo ntumba. Ndani ya kila kilima nyasi huoza polepole, na juu yake hupandwa maharage. Msimu unaofuata vilima hivyo husambazwa, na mboji iliyojitengeneza humo huyalisha mahindi au ulezi. Wafipa walikuwa na ujuzi huu kabla mbolea ya viwandani haijafika kwao. Msingi wake ni mmoja: udongo ni kitu hai, na kinachozikwa ndani yake huliwa na viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, kikageuka kuwa chakula cha mimea.

Msingi huo ni wa kweli kwa nyasi, kwa samadi na kwa majani. Hatari huanza pale watu wanapoutegemea kwa vitu ambavyo viumbe wa udongoni hawakuzoea kuvila. Debe la dawa ya wadudu iliyopitwa na wakati, betri kuukuu la gari, mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka katika injini, vyote hufukiwa kwa imani ileile ya kwamba ardhi itameza. Ardhi haimezi. Huhifadhi, na mara nyingi huhifadhi vizuri kuliko ghala.

Ili jambo hili lieleweke, na tuchukue kiwanja cha kubuni, tusije tukamsingizia mtu. Kiwanja chetu na kiwe Majengo, mjini Sumbawanga. Karibu kila mji wa Afrika Mashariki una Majengo yake, na jina lenyewe huwafanya watu watazame juu, kwenye kuta na mapaa, badala ya kutazama kile ambacho kuta hizo zimesimama juu yake. Tuseme kwamba hapo zamani palikuwa na ghala la pembejeo. Mkoa wa Rukwa ulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi nchini, na palipo na mahindi pana funza wa mabua na wadudu wa ghalani, na kwa hiyo pana dawa. Paa la ghala lilivuja, magunia ya dawa yakalowa na kupasuka, na unga ukachanganyika na sakafu ya udongo. Baadaye ghala likabomolewa na kiwanja kikagawiwa. Mwenye kiwanja kipya amechimba msingi, na udongo uliotoka amefyatulia matofali. Nyuma ya nyumba mama amepanda mchicha. Watoto hucheza mbele ya mlango. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba palikuwa na ghala.

Kinachotokea chini ya ardhi

Dawa mashuhuri kuliko zote katika historia hii ni DDT. Sifa yake iliyowapendeza watu hapo mwanzo ndiyo hiyohiyo iliyoleta taabu baadaye: haivunjiki upesi. Haiyeyuki katika maji ila kwa kiasi kidogo sana, na hujishikiza kwenye mboji na kwenye chembechembe laini za mfinyanzi. Kwa hiyo mvua haiisafishi. Mvua huibeba tu pamoja na udongo wenyewe pale mmomonyoko unapotokea, na upepo huibeba katika vumbi.

Viumbe wa udongoni huibadilisha DDT kidogo kidogo. Palipo na hewa hugeuka kuwa DDE, na pasipo na hewa, kama katika udongo uliojaa maji, hugeuka zaidi kuwa DDD. Msomaji asidhani kwamba mabadiliko hayo ni usafi. DDE nayo hudumu, nayo huingia katika mafuta ya wanyama na katika maziwa. Faida yake kwa mtafiti ni kwamba uwiano wa DDT na DDE humwonyesha umri wa uchafu: ikiwa DDT yenyewe bado ni nyingi mno kuliko DDE, ama dawa ilimwagika juzi, ama ilimwagika kwa wingi hata bakteria wenyewe wakashindwa kuishi humo. Hali hii ya pili hutokea sana mahali palipokuwa ghala.

Wataalamu hupima uimara wa sumu kwa muda unaotakiwa ili kiasi chake kipungue kuwa nusu. Kama muda huo ni miaka 10, basi baada ya miaka 10 hubaki nusu, baada ya 20 hubaki robo, na baada ya 30 hubaki sehemu moja ya nane. Kwa DDT katika nchi za baridi vitabu hutaja kuanzia miaka 2 hadi 15. Katika nchi za joto muda huo huwa mfupi zaidi, kwa kuwa jua huifanya dawa igeuke mvuke na viumbe wa udongoni hufanya kazi kwa kasi. Lakini hapa ndipo Ufipa inapohitaji kufikiriwa peke yake. Sumbawanga ipo kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai watu huota moto. Takwimu zilizopimwa pwani haziwezi kuhamishiwa huko bila kupimwa upya. Aidha, dawa iliyogeuka mvuke haikupotea, imehama tu.

Madini mazito kama risasi yana tabia mbaya zaidi. Risasi haivunjiki kabisa, kwani ni elementi, na elementi haina kitu kidogo zaidi cha kugeukia katika udongo. Mji wa Kabwe nchini Zambia, nchi inayopakana na Rukwa, ulichimba na kuyeyusha risasi tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Mgodi umefungwa, lakini risasi ingali katika vumbi la nyua za watu.

Ni lazima pia kutofautisha sumu iliyotawanywa na sumu iliyorundikwa. Bonde la Rukwa linafahamika duniani kuwa mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu. Makundi yaliyoenea katika sehemu kubwa ya Afrika ya kusini ya Ikweta kati ya mwaka 1930 na 1944 yalitokana na mazalio hayo pamoja na yale ya Mweru wa Ntipa, na mwaka 1949 shirika la kimataifa la kuwadhibiti likaanzishwa, makao yake yakiwa Abercorn, ambayo leo ni Mbala, si mbali na Ufipa. Katika miongo iliyofuata madawa yaliyotumiwa dhidi ya nzige barani Afrika yalikuwa pamoja na BHC na dieldrin, yote mawili ya ukoo wa DDT kwa uimara. Mwaka 2009 nyanda za Rukwa zilinyunyiziwa kitu cha namna nyingine kabisa: kuvu anayeua nzige, asiyedhuru viumbe wengine kwa kiasi cha kutisha. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, dawa iliyonyunyizwa kutoka angani hugawanyika juu ya maelfu ya hekta, na kila mita ya mraba hupata kidogo. Dawa iliyoachwa ghalani hubaki yote mahali pamoja. Ndiyo maana udongo mbaya kuliko wote haupatikani shambani palipopigwa dawa, bali mahali dawa ilipohifadhiwa ikisubiri kupigwa.

Funzo la Vikuge

Tanzania ina mfano wake, unaojulikana na wanasayansi wa nchi nyingi. Vikuge ni shamba la serikali katika wilaya ya Kibaha, mkoa wa Pwani, linalotoa majani makavu ya kulishia mifugo. Mwaka 1986 yaliletwa huko karibu tani 170 za madawa, sehemu ya msaada kutoka Ugiriki, na mengi katika hayo yalikuwa yamekwisha muda wake au hayakuwa na kazi ya kufanya katika shamba la nyasi. Yaliwekwa katika banda. Banda likaanguka. Mvua na jua vikaendelea na kazi yao kwa miaka mingi, hadi masalio yaliyoonekana kwa macho yalipokusanywa na kuondolewa.

Hapo wengi wangesema kazi imekwisha. Bahati njema, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden hawakusema hivyo. Walichukua udongo na maji ya mahali hapo baada ya usafishaji, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Udongo wa juu, penye uchafu mwingi kabisa, ulikuwa na jumla ya DDT na mazao yake kufikia asilimia 28. Yafaa tarakimu hiyo itafakariwe polepole. Unga wa DDT uliokuwa ukiuzwa kwa wakulima mara nyingi ulikuwa na asilimia 5 tu ya dawa yenyewe, iliyobaki ikiwa ni vumbi la kuchanganyia. Kwa hiyo kilo moja ya udongo ule ilibeba gramu 280, yaani zaidi ya mara tano ya kile alichokinunua mkulima kwa makusudi ya kuua wadudu. Katika maji kulipatikana madawa ya jamii hiyo kufikia maikrogramu 30 kwa lita. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu jumla ya madawa yote katika maji ya kunywa kuzidi maikrogramu 0.5. Watafiti hao walihitimisha kwamba udongo uliobaki wenyewe ulikuwa ni taka ya hatari.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014, ulirudi katika maeneo yaliyokuwa maghala ya madawa nchini, miongoni mwake Vikuge na Korogwe ya Zamani, miaka 5 hadi 14 baada ya kusafishwa. Sumu bado ilikuwapo.

Kosa la Vikuge halikuwa la uzembe peke yake. Lilikuwa pia kosa la kuhesabu. Usafishaji ulihesabu kile kilichoweza kuwekwa katika pipa na kupimwa uzito. Udongo haukuwa na lebo, haukuwa na tarehe ya kwisha, na rangi yake ilifanana na ya udongo wa jirani, basi ukaachwa. Mwaka 2005 ulianzishwa mpango mkubwa wa kuondoa akiba za madawa yaliyopitwa na wakati barani Afrika, na Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi saba za mwanzo. Mpango wa namna hiyo ulihitajika sana. Lakini mafanikio yake, kama ya mipango yote ya aina hiyo, huelezwa kwa tani zilizosafirishwa kwenda kuchomwa katika matanuri maalumu ng'ambo, na ni vigumu kumwomba mfadhili alipe gharama ya kitu ambacho hakiwezi kupigwa picha.

Turudi katika kiwanja chetu cha Majengo tukiwa na kalamu. Kina mita 20 kwa mita 20. Tuseme kwamba tani moja ya dawa ilipotelea humo na ikachanganyika na udongo hadi kina cha nusu mita. Hizo ni mita za ujazo 200, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, udongo wote una uzito wa tani 300. Lori la tani 10 lingeiondoa dawa ile kwa safari moja, tena likiwa karibu tupu, kama ingechukuliwa ingali katika magunia. Sasa zinahitajika safari 30, na kutoka Sumbawanga hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Tani moja iliyoachwa imezaa tani 300. Hakuna riba ya benki inayokua hivyo.

Nani alipe?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakubali kanuni ya kwamba mwenye kuchafua ndiye mwenye kulipa, na inatoa uwezo wa kutolewa amri ya kumtaka mtu arejeshe mazingira aliyoyaharibu. Kanuni hiyo ni njema, ila ina tundu moja kubwa: inamhitaji mchafuzi aliye hai, anayejulikana na mwenye fedha. Ghala letu la Majengo lilikuwa la chama kilichokwisha vunjwa. Mwenye kiwanja wa leo hakuchafua chochote. Akiambiwa alipe yeye, ataadhibiwa kwa kununua kiwanja. Na jirani yake, akiona hayo, atahakikisha kwamba hakuna mpimaji anayegusa udongo wake.

Marekani ilikutana na tatizo hili huko Love Canal, katika mji wa Niagara Falls. Kampuni moja ya kemikali ilifukia hapo zaidi ya tani 20,000 za taka, na mwaka 1953 ikaikabidhi ardhi hiyo kwa bodi ya shule kwa bei ya dola moja. Hati ya mauzo ilitaja kwamba kuna taka chini. Hata hivyo shule ilijengwa, na nyumba zikafuata. Walionunua nyumba hawakuwa wameisoma hati ya shule. Mwaka 1978 serikali ilitangaza hali ya hatari na familia zikahamishwa, na mwaka 1980 ikatungwa sheria iliyounda mfuko wa kusafisha maeneo ambayo wachafuzi wake hawapatikani au hawawezi kulipa. Eneo la Love Canal lilifutwa katika orodha ya maeneo ya hatari mwaka 2004 tu.

Karibu zaidi na nyumbani kuna kesi ya Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini huko Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka katika betri kuukuu kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu hadi mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza wakazi kwenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 na kuamuru udongo na maji visafishwe. Jambo lililowashtua wengi ni kwamba lawama haikuwekwa juu ya kiwanda peke yake. Vyombo vya serikali vilivyopewa kazi ya kusimamia, na havikusimamia, navyo vilitakiwa kulipa sehemu yao. Mahakama ya Rufani iliiondoa hukumu hiyo mwaka 2023, na mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia. Ni miaka kumi tangu moto wa kiwanda uzimwe, na katika muda wote huo risasi haikungoja uamuzi wa majaji: mtoto aliyezaliwa mwaka kilipofungwa alikuwa amekwisha fika darasa la nne.

Kwa hali hiyo sera isiyo na mfuko wa kusafisha kwanza na kudai baadaye haina maana kubwa kwa afya ya mtoto. Mfuko huo ungeweza kulishwa kwa tozo ndogo juu ya bidhaa zenye kuleta hatari yenyewe, yaani madawa, betri na mafuta ya injini, badala ya kungoja msaada. Ni vyema ikumbukwe kwamba tani za Vikuge nazo zilikuwa msaada.

Usafi wa kiasi gani?

Swali hili huonekana jepesi hadi mtu anapoulizwa fedha. Uholanzi iligundua mwaka 1980 kwamba mtaa mpya wa Lekkerkerk ulikuwa umejengwa juu ya mapipa ya taka za kemikali. Watu walihamishwa, mapipa na udongo vikachimbwa, na taifa zima likaingiwa na hofu. Sheria iliyofuata ilidai kwamba kila udongo uliochafuka usafishwe hadi ufae kwa matumizi yoyote: kulima, kujenga, kuchimba kisima. Ilikuwa nia tukufu. Kisha orodha ya maeneo ikarefuka kutoka mamia hadi mamia ya maelfu, na hazina ya nchi tajiri ikashindwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Waholanzi walibadili msimamo: udongo usafishwe kulingana na matumizi yake. Chini ya barabara ya lami si sawa na chini ya bustani ya mboga.

Tanzania ina viwango vya ubora wa udongo vilivyotungiwa kanuni mwaka 2007. Kiwango ni mstari. Kinamwambia mpimaji kama amevuka au hakuvuka. Hakimwambii afanye nini baada ya hapo. Nchi isiyo na fedha za Uholanzi haina sababu ya kurudia safari ya Uholanzi kuanzia mwanzo. Inaweza kuanzia pale wenzao walipofikia, kwa kuuliza kwanza: ni nani anaugusa udongo huu, na kwa njia gani?

Katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, swali hilo lilikuwa la kufa na kupona. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba watoto wapatao mamia walikuwa wamekufa kwa sumu ya risasi iliyotoka katika mawe ya dhahabu yaliyosagwa uani mwa nyumba. Madaktari walikuwa na dawa ya kutoa risasi mwilini, lakini waliona kwamba haikufaa kumtibu mtoto na kumrudisha juu ya udongo uleule. Basi nyua zilisafishwa kwanza. Tabaka jembamba la juu lilikwanguliwa, likafukiwa mahali palipoandaliwa mbali na makazi, na udongo safi ukawekwa badala yake. Kazi kubwa ilifanywa na wanakijiji wenyewe kwa majembe na magunia, wakisimamiwa na wataalamu. Haikusafishwa Zamfara yote. Zilisafishwa sentimita chache ambazo mikono ya watoto ilizifikia.

Kiwanja cha Majengo

Kwa kiwanja chetu, basi, hatua ya kwanza ni kujua. Udongo huchukuliwa katika sehemu nyingi za kiwanja, si moja, kwa kuwa dawa iliyovuja hukaa kwa mabaka. Tabaka la sentimita 5 za juu huwekwa mbali na lile la chini, kwa sababu la juu ndilo la watoto na la chini ndilo la kisima. Sampuli moja huchukuliwa mahali pengine mtaani pasipowahi kuwa na ghala, ili pawe na cha kulinganishia. Vyombo viwe vya kioo au vya chuma, wala si mifuko ya plastiki, maana madawa ya ukoo huu hupenda kujishikiza kwenye plastiki. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo yenye dhamana ya madawa hayo, na vyuo vikuu vina vyombo vya kupimia.

Zikipatikana asilimia kadhaa, kama ilivyokuwa Vikuge, hakuna njia ila kuchimba, kufungasha na kupeleka kwenye tanuri. Bakteria hawawezi kuishi katika udongo huo, na mwenye kuahidi kuusafisha kwa mimea anacheza na watu. Zikipatikana miligramu chache kwa kilo, mambo hubadilika. Bustani ihamishwe, uwanja wa watoto ufunikwe kwa udongo safi ulioshindiliwa, maji ya mvua yafanyiwe mfereji yasibebe vumbi kwenda mtoni. Mito inayoshuka upande wa mashariki wa Ufipa huingia Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachofika huko hakina njia nyingine.

Na hapa ujuzi wa ntumba hurudi kwa njia isiyotazamiwa. Majaribio yaliyofanywa katika nchi mbalimbali yameonyesha kwamba DDT iliyo kidogo katika udongo hupungua upesi zaidi udongo huo ukichanganywa na samadi na majani mengi, kisha ukapitishwa kwa zamu katika hali ya kukosa hewa na hali ya kupata hewa. Mboji huishika sumu isipande katika mimea, na wingi wa bakteria huimega. Kilima kinachooza ndani wakati wa mvua na kusambazwa baadaye kinafuata zamu hiyohiyo. Kama ntumba yenyewe, katika baridi ya Ufipa, ingepunguza kiasi gani kwa misimu mitano ni jambo la kupimwa, na ni utafiti usiohitaji mashine kubwa: unahitaji vilima kadhaa, uzio wa kuzuia watoto na mifugo, na mtu wa kuchukua sampuli kila mwaka bila kukosa. Kinachopandwa juu yake katika miaka hiyo kisiliwe.

Linabaki suala la kumbukumbu. Sheria ya mwaka 2004 imeweka kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa, na wazee wa Majengo bado wanakumbuka palipokuwa na ghala, palipokuwa na gereji, na palipokuwa pakiyeyushiwa betri. Kumbukumbu hizo hufa pamoja na wenyewe. Daftari moja katika ofisi ya mtaa, lenye namba ya kiwanja, kazi iliyokuwa ikifanyika hapo na miaka yake, linaweza kuandikwa katika msimu mmoja wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba. Nakala yake ikae kwa afisa ardhi, na kiwanja chenye alama kisigawiwe wala kuuzwa kabla udongo wake haujapimwa. Baada ya usafishaji tarehe ya vipimo vinavyofuata iandikwe papo hapo, katika ukurasa uleule: mwaka wa kwanza, wa tatu, wa kumi.